Ukurasa Uliosema Memori Huja Safi

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo bado naikumbuka kama ya juzi. Nilikuwa binti wa kijiji cha Didia, nimesomea kompyuta, nimepata kazi kwenye mgodi mdogo upande wa Geita. Niliandika programu ya kifaa cha kupima maji ndani ya duara, lile shimo refu la wachimbaji. Kifaa kilipima kina mara kwa mara, kikapiga wastani, kikaonyesha namba kwenye kioo pale juu. Wachimbaji waliitazama kabla ya kushuka.

Programu ikitaka mahali pa kuweka vipimo, huomba nafasi kwenye memori ya kifaa. Tulitumia kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, na mwongozo wake ulisema nafasi hiyo hutolewa ikiwa imejazwa sifuri. Niliamini. Wameandika waliotengeneza wenyewe, mimi nani nibishe? Nilipojaribu mezani, kifaa kikiwa kimewashwa upya, kila kitu kilikwenda sawa.

Asubuhi hiyo, masika yamekolea, watu wanne walikuwa chini. Mzee Shija, msimamizi wa pampu, akainua kichwa ghafla.

"Pampu inalia vibaya. Watoeni!"

"Mzee, kioo kinaonyesha maji ya kifundo cha mguu," nikasema.

Mzee alipiga kengele. Watatu walipanda haraka. Wa mwisho, Makoye, alitoka ameng'ang'ania kamba, amelowa mpaka kifuani. Maji yalikuwa yamepasua ukuta kutoka shimo la jirani lililoachwa. Makoye akaniangalia.

"Dada, mimi nilishuka kwa namba yako."

Nilikimbilia mwongozo, nikamfungulia Mzee Shija ukurasa. "Mzee, kosa si langu. Imeandikwa hapa."

"Kusoma kwangu ni kwa taabu," akasema, bila kukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Lakini aliyeandika hicho kitabu hajui kama Makoye yupo. Wewe unamjua. Uliwahi kuhakikisha?"

"Hapana."

"Basi kahakikishe. Na mpaka ujue, kizime hicho kioo."

Nilikizima. Nikaketi, nikaandika programu fupi ya mistari tisa: omba nafasi, ijaze, irudishe, iombe tena, onyesha kilichomo. Zikatoka namba zilezile za mwanzo. Mwongozo ulikosea; nafasi ilirudi na yaliyokuwamo. Ile namba ya kioo ilikuwa imechanganywa na vipimo vya zamani, vya wakati shimo lilikuwa kavu.

Nikarekebisha programu iwe inafuta kila nafasi yenyewe kabla ya kuitumia. Kisha nikawaandikia watengenezaji wa kompaila. Wakajibu kwamba mwongozo uko sahihi. Nikaandika tena, nikaambatanisha ile mistari tisa. Kimya. Mwenzangu wa ofisini akaniuliza, "Yako si imeshapona, unahangaika nini?" Nilikuwa namfikiria mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, ameufungua ukurasa uleule akauamini kama mimi. Nikaandika mara ya tatu, na ya nne. Miezi ikapita, hatimaye wakaandika upya: nafasi haijazwi chochote, ijaze mwenyewe.

Lakini kabla ya hapo nilikwenda kwa Makoye. Nilimweleza kwamba kitabu kilikosea, na kwamba mimi nilikosea zaidi kwa kutojaribu.

"Sasa umejaribu?"

"Nimejaribu."

"Jaribu mbele yangu."

Tulipima kwa kamba, tukasoma kioo. Tukapima tena, tukasoma tena, mpaka jua likawa kali. Namba zililingana kila mara. Makoye alivaa kofia yake ngumu, akashuka.

Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu, wewe unayeanza kazi hizi. Soma maelezo, yaheshimu, lakini kabla mtu hajaweka uhai wake juu ya kazi yako, lijaribu jambo kwa mkono wako, na ulijaribu kifaa kikiwa kimechoka kwa kazi, si kikiwa kimewashwa upya tu. Ukikuta waandishi wamekosea, waambie, wakikataa waambie tena. Na ukikosea wewe, mwendee uliyemkosea kwa miguu yako.

Mungu akupe mikono mizuri na moyo usiokata tamaa, na kila anayetegemea kazi yako arudi nyumbani salama.