Mzee Wako Amechoka, Weka Mpya

Hadi leo nikipita Nkubu huwa naangalia viatu vyangu, na mkitaka kujua sababu, ni sentensi tatu nilizoandika mimi mwenyewe, polepole, kwa vidole viwili.

Mwaka wa tisini na tisa nilikuwa nafanya kazi katika duka la kompyuta mjini Embu (masomo yangu yaliishia darasa la nane, mengine nilijifunzia pale), na nilikuwa nampenda Kendi, ambaye baba yake, katekista wa huko Nkubu, alisema atanisikiliza siku nitakayomwonyesha kwamba kazi yangu ni kazi. Basi nikaitengenezea kwaya ya akina mama wa parokia yake ukurasa wa mtandao, picha zinacheza, maandishi yanakimbia.

Njeru, mwenzangu wa dukani, akaniuliza, "Na wale wenye brauza ya zamani watafungulia nini?"

"Wakae na uzamani wao," nikajibu (mimi mwenye haya, siku hiyo nilikuwa na mdomo).

Lakini ili anyamaze nikaongeza ilani ndogo, itokee pale ukurasa unapokataa kufunguka. Dukani brauza ya zamani tulikuwa tunaiita mzee, kwa hivyo nikaandika hivyo hivyo.

Jumapili nikapeleka disketi parokiani. Kompyuta yao ilikuwa kuukuu kuliko zote nilizowahi kuona, na kwaya nzima ilikuwa imejazana nyuma yake, katekista ameketi mbele. Picha hazikutokea. Ilani ikatokea, na Mama Kendi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na miwani, akawasomea wenzake kwa sauti ya kanisani:

"Mzee wako amechoka. Hawezi kazi tena. Mtoe, uweke mpya."

Mtu huko nyuma akasema: "Mama Kendi, hebu rudia hapo."

Wakacheka hadi mmoja akashika ukuta. Katekista hakucheka. Nikaona heri nieleze.

"Baba, si wewe. Ni ile ya ndani ndiyo haifanyi kazi."

Yule aliyeshika ukuta akakaa chini.

Jumapili iliyofuata nilirudi na ukurasa wa maandishi matupu, hakuna kinachocheza, hakuna kinachokimbia, na tangu hapo sijatengeneza ukurasa ambao mashine kuukuu haiwezi kuufungua. Ukafunguka polepole, jina la mwanakwaya baada ya jina. Katekista akayasoma yote.

Nikajikaza, nikamuuliza kuhusu Kendi.

Akaitazama kompyuta. "Mzee hufungua polepole," akasema. "Ngoja."