Kisu cha Mama Nyumbani

Mstaafu amelihamishia gari lake mvuani, maana gereji sasa ni karakana ya kufulia visu. Kabla ya kushika nyundo hukunja mikono ya shati jeupe mara tatu, kama daktari wa upasuaji, na kila kisu hukichora sahihi yake kabla hakijakata hata nyanya. Leo alikuwa akimalizia cha mkewe. Mafuta ya kupozea, ambayo huzuia chuma kisipasuke, yangelirukia shati, basi chuma chekundu akakitumbukiza majini. Kikalia ta, ufa ukapita katikati ya sahihi.

"Baba, kitunguu kinasubiri," mkewe akaita kutoka jikoni.

Akaufunika ufa kwa kidole gumba. "Hiki kimetokea kuwa cha kupakia siagi, mama."

"Haya. Basi nirudishie kile changu cha zamani."

Mstaafu akakitazama kilichomo mkononi, alichokifua kutoka kwa hicho hicho cha zamani. Chuma kizuri namna hiyo angekipata wapi kwingine?