Mfalme Hakushika Kalamu

Mimi ni mwalimu wa Biblia kanisani kwetu Nyalenda, na hadi leo nina hasira, ila sasa najikasirikia mwenyewe. Jumapili iliyopita niliwafundisha waumini kwamba mfalme wa Uingereza alijifungia chumbani akatafsiri Biblia yetu ya Kiingereza, ile yenye jina lake, kwa mkono wake. Mama Atieno, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kondele, akainua mkono.

"Mwalimu, mfalme aliagiza tu. Waliotafsiri ni wasomi wake."

Damu ilinichemka. Mimi wa kusahihishwa na muuza omena mbele ya kanisa zima? Nikamwambia ana kiburi, na kwamba kuanzia siku hiyo hatafundisha tena watoto shule ya Jumapili. Pasta alipotaka kunituliza, nilimkatiza.

"Sijakudharau, Mwalimu," Mama Atieno alisema taratibu. "Angalia tu zile kurasa zilizo kabla ya kitabu cha Mwanzo."

Nikaifungua Biblia yangu kwa kishindo, nia yangu ikiwa kumwaibisha. Kurasa zenyewe zilikuwa bado zimegandana, maana sikuwahi kuzigusa. Nikazibandua, nikaanza kuzisoma kwa sauti kubwa, nikizieleza kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. Ilikuwa barua. Watafsiri walikuwa wakimwandikia mfalme, wakimshukuru kwa kuwahimiza hadi wakaimaliza kazi yao.

Nikaanza kuifunga Biblia katikati ya sentensi. Kanisa lote lilikuwa linanitazama.

"Endelea, Mwalimu," pasta akasema. "Tunasikiliza."