Beji ya Upimaji

Mto Songwe ukishafurika na kurudi mkondoni mwake, kijiji chetu kizima cha Ngana hunuka matope mabichi, mpunga uliolala na migomba iliyoanza kuoza. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mmoja mto ulipanda hadi kwenye mashamba yetu, ukazoa vigingi na migomba ya mpakani, na ulipoondoka hakuna aliyeweza kuonyesha kwa kidole shamba la jirani yetu, mjane tuliyemwita Mama Lugano, linaishia wapi na la baba linaanzia wapi. Kilichobaki ni kipimo tu, ambacho wote walikikumbuka: shamba la Mama Lugano lilikuwa na upana wa mita sitini kutoka tuta la barabara, na la kwetu lilifuata.

Aliyeitwa kupima alikuwa Mzee Ambakisye, mwalimu mstaafu aliyewahi kuongoza kundi la skauti. Nilikuwa mwanafunzi wake tangu mwaka uliotangulia, na kilichonivuta kwake kilikuwa kopo lake la biskuti. Ndani alihifadhi beji za zamani za ustadi, viduara vya kitambaa vilivyotariziwa picha: chungu cha mpishi, fundo la kamba, nyota ya msafiri. Nyingine alizipata ujanani kwa kubadilishana na skauti wageni walioshuka melini bandarini Itungi. Sharti lake lilikuwa moja, ujifunze kazi ndipo upewe beji. Nilikuwa nimeshakusanya kumi na moja, mbili kati yake nikiwa nimezibembeleza kwa skauti wazee wa mtaa wa Bondeni, na niliyoiota usiku na mchana ilikuwa ya upimaji, ya kijani, yenye dira ya uzi wa njano. Kwa ajili yake nilijifunza kusoma dira, kupanga fito tatu zikaonekana moja, na kupata kona ya mraba kwa kamba ya mafundo. Macho ya Mzee yalishaanza kuingia ukungu, kwa hiyo kuvuta kamba na kuhesabu mafundo ilikuwa kazi yangu.

Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, mita thelathini, na katani ikilowa hunywea ikawa fupi. Ndiyo maana Mzee alipigilia misumari kwenye michikichi miwili uani kwake, mita thelathini kamili, na kabla ya kazi yoyote kamba ilipaswa kunyooshwa hapo kwanza. Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha, kamba ilikuwa imelala nje, na baba alishatangulia shambani.

"Umeipima kamba?" Mzee aliniuliza.

"Nimeipima, Babu."

Sikuwa nimeipima. Niliogopa baba akichoka kungoja ataahirisha, na beji nayo iahirishwe. Tulinyoosha kamba mara mbili kutoka kwenye tuta, tukapigilia vigingi, baba akatabasamu, na jioni nikavishwa beji yangu.

Siku ya pili, kwa kujitamba tu, niliifunga ncha moja ya kamba ile mbichi kwenye mchikichi na kuivuta hadi wa pili. Haikufika kwenye msumari. Ilipungua zaidi ya hatua yangu moja, na shambani tulikuwa tumeinyoosha mara mbili. Nilikuwa nimempunja mjane hatua mbili na ushee katika urefu wote wa shamba, nikazitia kwa baba. Na baba ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Aliyedhulumiwa, kwake ndiko alikopeleka malalamiko. Nikanyamaza.

Wiki haikuisha, mdogo wangu Lusajo akashikwa na homa. Kwetu, pamoja na kwenda kanisani kila Jumapili, watu wazima waliamini kwamba majirani wakikunung'unikia kwa kosa ulilotenda, manung'uniko yao huingia nyumbani mwako kama baridi na kuwa ugonjwa. Mama alimpa Lusajo dawa za malaria, lakini nilimsikia akimuuliza baba, "Kuna mtu umemkosea?" Baba akakana, na alikuwa anasema kweli. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni. Nilimtazama Lusajo akitetemeka chini ya mablanketi mawili, nikaamini bila chembe ya shaka kwamba ninamuua.

Alasiri nilikwenda kwa Mama Lugano. Nilimkuta anageuza kakao juani. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, nikamwomba aache kunung'unika, mdogo wangu asife.

"Niliona siku ileile, mwanangu," alisema. "Shamba lile nimelilima miaka yote, miguu yangu inalijua."

Nikamuuliza mbona hakusema. Aliendelea kugeuza kakao yake.

"Ningemwambia nani? Balozi? Na kunung'unika sijanung'unika, hata moyoni. Niliogopa mmoja wenu akiugua, mtasema ni mimi."

Nilikuwa nimekwenda pale nikimwogopa, kumbe yeye alituogopa zaidi.

Nilimfuata Mzee, nikamweleza, tukaenda pamoja kwa baba. Nilipomaliza kueleza, baba alichukua fimbo akanichapa. Kesho yake kamba kavu ilinyooshwa mbele ya watu na vigingi vikasogezwa. Mama Lugano aliinamisha kichwa akasema, "Ndaga," yaani asante kwa lugha yetu, kana kwamba tumempa zawadi, na hilo liliniuma kuliko fimbo za baba. Lusajo alipona kwa dawa za mama. Mzee aliichomoa beji kwenye gauni langu, na hadi anafariki hakunirudishia.

Leo mimi ni mpima ardhi. Chombo changu huongea na setilaiti na mvua hakiijali. Beji bado nakusanya. Moja kama ile ya kijani niliiona mwaka jana ikiuzwa mtandaoni, nikaipita. Siku hizi kila anayepimiwa hutia saini, na ofisini tunasema saini imemaliza mambo. Mwezi uliopita, kwenye mashamba ya mtoni, mama mmoja alibonyeza dole gumba kwenye karatasi yangu bila kuniangalia. Nilimuuliza kama ameridhika. Akasema ameridhika, akiinamisha kichwa kama Mama Lugano. Nikafunga vifaa, nikabeba begi hadi kwenye gari, kisha nikarudi, nikavifungua tena na kuanza kupima upya.