Frigo ya Jirani Siku ya Kupimwa Nyumba

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu kule Gitega. Wanafundishwa kukagua nyumba za watu: umeme unaingia kiasi gani, unaliwa na nini, unapotelea wapi. Mimi shule niliiacha mapema, nikadhani atakuwa fundi umeme. Akacheka: "Bibi, fundi anatengeneza. Sisi tunakagua."

Haya. Wakague.

Siku moja akanipigia simu hapa Muyinga. Mwalimu wao angekuja na darasa kupima nyumba yangu, na yeye ndiye angeongoza. Akikosea hesabu, anarudia mwaka. "Donc Bibi, usiguse kitu. Nyumba uiache vile iko."

Vile iko! Taa, redio na chaja ya simu? Wageni wa chuo kikuu wanywe fanta ya moto kwangu, halafu Gitega nzima isikie? Katika mtaa wetu wa Waislamu mgeni hapokelewi na vilivyomo ndani tu, anapokelewa na vya mtaa mzima. Nikaazima frigo kwa jirani muuza juisi, televisheni kwa wifi yangu, pasi kwa fundi cherehani. Vyote nikavichomeka.

Wakaja. Majina yao ninayo kichwani mpaka leo, na ya baba zao, maana nilimuuliza kila mmoja. Nawasitiri tu. Hakuna aliyekubali kukaa. Mmoja alipanda kitandani kwangu na viatu, anapapasa dirisha.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Upepo, Bibi."

"Upepo uko nje. Shuka."

Mwalimu wao, mwenye tai na viatu vyenye ncha, hakupapasa kitu. Alikunywa fanta yake ya baridi, kisha ya dereva aliyewaleta.

Mjukuu wangu akasoma hesabu. Mwalimu akaniuliza umeme ninaonunua unanifikisha wapi. Nikamwambia, mwezi unaisha nao. Akaenda kuangalia mita, akarudi amenuna.

"Mademoiselle, kwa vyombo hivi huo umeme haumalizi hata wiki. Ama hesabu yako ni bure, ama hapa kuna waya wa wizi."

Mjukuu akainamisha macho. Amekulia nyumba hii, anajua kila msumari. Tangu anavuka mlango alijua frigo si yangu.

"Nitakuwa nimekosea hesabu, Profeseri."

Yaani mwaka mzima wa mtoto uondoke kwa sababu ya fanta ya baridi!

"We mwalimu," nikasema, "mtoto hajakosea, na mwizi hapa hakuna. Frigo ni ya jirani. Televisheni ya wifi yangu. Pasi ya fundi cherehani. Vyote vimelala hapa usiku mmoja tu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akabaki na chupa mkononi.

"Sasa kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu ulikuwa unakuja. Au ile fanta ulikunywa kwa kuipima?"

Akaamuru wapime upya, vyangu peke yake. Walimaliza hata chai yangu haijachemka kwenye makaa. Hesabu ikakubali, na mjukuu wangu akapita.

Ikabaki frigo. Wanafunzi waliibeba wenyewe hadi kwa muuza juisi, juu ya kilima, wanahema, mwalimu yuko mbele anawaelekeza njia asiyoijua. Siku nzima ile, hiyo ndiyo kazi pekee niliyowaona wakifanya.