Bega la Sweta ya Kijani

Nilimwonea wivu wifi yangu, mke wa kaka. Nimelikana jambo hili mbele ya kaka, mbele ya mama, hata mbele ya kioo, na kioo ndicho kilichokataa kuamini. Mimi ndiye niliyesomea filamu chuo kikuu. Mimi ndiye ninayeandika makala kuhusu filamu za watu, na nina skripti yangu ambayo imekuwa ikikaribia kukamilika tangu nilipokuwa na kiuno. Wifi ni mwalimu wa jiografia. Alikwenda Dar likizo moja kusoma kozi ya kamera, akarudi, akatengeneza filamu. Hivyo tu.

Inamhusu binti wa kijiji cha Mnazi, kule tambarare, aliyeolewa Mlola milimani na kujikuta mgeni nyumbani kwake. Kama yeye alivyoolewa kwetu.

Ilionyeshwa katika ukumbi wa shule, Lushoto. Nilikaa mbele, kalamu mkononi, nikitafuta makosa kama mtu anayechambua mchele. Nikayapata mapema. Kamera haikuingia sebuleni. Ilibaki jikoni na yule binti, ikichungulia wanaokula kupitia mlangoni, na nusu ya picha ilizibwa na bega la mwanamke mwenye sweta ya kijani. Nikaandika: bega limeziba. Ndugu walipozungumza Kishambaa, hapakuwa na tafsiri. Nikaandika hilo pia. Kisha binti akaleta chai, akapiga goti: "Shikamoo mama." Kabla ya jibu, picha ikakatwa, tukaonyeshwa sufuria. Akaja tena, shikamoo, sufuria. Nilifurahi mno. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakati sauti namna hiyo.

Alipoamkia tena, shangazi yangu alishindwa kuvumilia. "Marahaba mwanangu!" akaitikia kutoka kwenye kiti chake. Watu wakacheka. Salamu iliyofuata iliitikiwa na ukumbi mzima, na hakuna aliyecheka.

Nikafuta nilichoandika. Miaka yote nimekuwa nikiwafundisha watu kwamba kutengwa hakuonekani kwenye machozi, kunaonekana pale kamera iliposimama na pale mkasi ulipopita. Wifi hakuwahi kuhudhuria hata somo moja.

Ndipo nikakumbuka kwamba nina sweta ya kijani.

"Lile bega ni langu," nilimwambia kaka tulipotoka.

"Bega gani?"

"Linaloziba mlango. Mkeo amenifanya ukuta."

"Dada, nusu ya Lushoto ina sweta za kijani. Za shule."

"Hukuona linavyogeuka? Kwa dharau?"

"Bega linadharau vipi, msomi wetu?"

Nilijua linavyodharau. Wifi alipokuwa bado bibi harusi, kila alipoingia sebuleni nilihamia Kishambaa, lugha asiyoijua, kama mtu anayefunga mlango kwa adabu. Kwa hiyo nilipaswa kuona haya. Badala yake nilianza kuringa. Niliwaambia marafiki, kwa sauti ya mtu aliyejeruhiwa, kwamba nimewekwa kwenye filamu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote mle ndani, nami nilikuwa katikati yake. Mbaya wa hadithi, sawa, lakini nimo. Nikangoja wifi aniombe radhi ili jambo lithibitike. Hakuomba. Mwishowe nikampigia simu mwenyewe.

Baada ya salamu nikasema, "Wifi, lile bega nimelitambua. Sina kinyongo."

"Lile ni la jirani, wifi. Alikuja kuazima chujio, nikamwambia asimame hapo hapo."

"Basi mimi niko wapi?"

"Ulikuwemo! Nilikuandika kabisa. Wifi msomi, mwenye miwani, anayejibu maswali ambayo hajaulizwa. Tulishinda siku nzima tukimpiga picha."

"Halafu?"

"Nikamkata wakati wa kuhariri. Kila akitokea, watu walimwangalia yeye, wakamsahau binti. Filamu ilipona alipotoka." Akashusha sauti, kwa huruma. "Usinielewe vibaya, wifi. Wewe si mtu wa filamu? Unajua mambo haya."

Nikamwambia ndiyo, najua.