Sura Tuliyoiondoa

Mwandishi wetu alikuwa na miezi minane kaburini pale msomaji mmoja aliponipigia simu kutoka Tura kunishukuru kwa sura mpya.

"Sura ipi?" nikamuuliza.

"Ile ya mwisho, ya kisima. Watu huku wanabishana juu yake tangu juzi."

Mimi ni mhariri katika nyumba ndogo ya uchapishaji mjini Tabora. Tuko wawili tu, mimi na mkurugenzi, katika vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya shule. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu wa Usoke. Kwa miaka mingi aliifuata kwa miguu njia ya zamani ya misafara, akiwauliza wenyeji majina ya vituo na visima walikopumzika wapagazi. Tulikitoa kitabu chake kwa karatasi, baadaye tukakitoa cha kusomwa kwenye simu. Kilikuwa na sura kumi na moja. Ya kumi na mbili tuliiondoa pamoja, tumeketi mezani kwangu, kwa kuwa ilieleza yalipo, kando ya kisima cha Tura, makaburi ya wapagazi walioachwa njiani wakiugua, na familia inayolima pale ilikuwa imemwomba asipataje. Alizichana kurasa zile mbele yangu, akavitia vipande mfukoni mwa koti.

Nilikitafuta kitabu mtandaoni. Nilikikuta katika duka ambalo hatukuwa na mkataba nalo, kikiwa na jalada letu, na jina lake, na sura kumi na mbili.

Nikaisoma ile ya mwisho. Alikuwa yeye kabisa. Alianza kwa kusema upepo unatoka wapi, ndipo akataja watu, kama alivyofanya siku zote. Hata "hivo" yake ilikuwamo, ile niliyomsahihisha mpaka tukawa tunacheka. Lakini ukurasa wa mwisho sikuwahi kuuona. Ulisema chini ya mawe ya kisima kuna pembe za ndovu. Ulisema pia: "Mke wangu sasa anatembea kwa mkongojo, mguu wa kushoto."

Palikuwa na nafasi ya kumwandikia mwandishi. Niliuliza ni nani aliyekiweka kitabu pale. Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu mezani.

"Mwanangu, mbona mlinikata?"

Mwanangu ndivyo alivyoniita enzi za uhai wake. Nikaipeleka simu chumba cha pili, kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi alilisoma jibu lile mara mbili. "Ni mashine," akasema. "Siku hizi unailisha kitabu cha mtu, inaendelea kuandika kama yeye."

"Na kurasa alizozichana, mashine ilizipata wapi?"

"Labda aliwahi kuzipeleka kuchapwa steshenari fulani, zikabaki kwenye kompyuta yao." Alisema hivyo huku akitazama dirishani.

Kesho yake nilikwenda Usoke. Mjane alikuwa ameketi barazani akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona hukutuma salamu kwamba unakuja?"

Nilimweleza, kisha nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, mikono imetulia ndani ya ungo.

"Hayo ni maneno yake," akasema.

"Na mkongojo?"

Aliuvuta kutoka nyuma ya mlango. "Nilianguka wiki ya pili baada ya kumzika. Mguu huu huu. Yeye hakuniona nikitembea nao." Akauegemeza ukutani. "Kiondoeni. Kama ni yeye, ataelewa. Kama si yeye, hana ruhusa yangu."

Alitia saini barua yetu. Tuliituma kwa duka lile la mtandaoni, pamoja na mkataba wetu na marehemu. Hatukujibiwa na mtu yeyote, ila wiki ya tatu tulikuta kitabu kimeondolewa, na nafasi ya kumwandikia mwandishi haipo.

Nilipanda treni kwenda Tura kuwaeleza watu wa kule. Msomaji wangu, fundi baiskeli, alinipokea stesheni, akanipeleka moja kwa moja kwenye kisima. Palikuwa pamechimbwa. Mashimo saba au manane, na mawe yaliyokuwa yamepangwa kwa safu yamerushwa huku na huku. Hapakuwa na pembe yoyote. Katika shimo moja niliona kitu cheupe, nikageuza uso. Hakuna ndege aliyelia pale, wala ng'ombe waliokuwa wakinywa maji karibu hawakusogea upande ule.

Mama mwenye shamba alikuja na jembe begani. "Wewe ndiye uliyeandika?"

"Hapana, mama. Mimi nilikichapisha kitabu. Sura hii sikuichapisha mimi."

"Aliyeandika yuko wapi?"

"Alifariki."

"Na aliyeitoa?"

"Simjui."

Aliliteremsha jembe begani. "Basi umebaki wewe," akasema, akanipa jembe.

Tulifukia mashimo mpaka alasiri, mimi, yeye na fundi. Mawe tuliyarudisha kwa kukisia. Viganja vyangu vilichubuka, na sikuona sababu ya kulalamika. Niliomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Aliitikia kwa kichwa, akaondoka.

Njiani fundi alitoa simu yake. Sura ilikuwa bado imo. Nilimwomba aifute, akaifuta mbele yangu bila kubisha.

"Lakini niliwatumia wengine," akasema. "Sikumbuki ni wangapi."

Toleo jipya la karatasi lilitoka mwaka huo. Baada ya sura ya kumi na moja niliandika, kwa jina langu kamili, kwamba mwandishi aliishia hapo.